Majeruhi Aliyefunikwa kwa Heshima

Kitu cha kwanza unachohitaji katika mazoezi ya ajali kubwa ni damu. Mwaka wa kwanza tulitumia sosi ya nyanya. Nzi wakatuvamia kabla hata filimbi haijapulizwa, na mbuzi mmoja akaja kumlamba goti kijana tuliyempa mguu uliovunjika. Yule kijana alikuwa ameagizwa apige kelele za maumivu, naye akacheka mpaka akavunjika mbavu. Tangu siku ile mimi huchemsha maua mekundu ya rosela, nachanganya na uji mwepesi wa muhogo. Hukaa vizuri kwenye ngozi, hukauka kwa rangi ya damu iliyolala, na nzi hawaijali sana.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Bariadi. Kazi yangu katika mazoezi ni kutengeneza majeruhi. Natafuta watu wa kujitolea, nampa kila mmoja jeraha lake, na namweleza alie au anyamaze, azurure kama kuku aliyezubaa au alale kama gogo. Wengi nawapata kanisani. Akina mama wa kwaya ni majeruhi wazuri kuliko wote, kwa sababu ukimwambia mmoja atoe sauti, sauti inatoka.

Uwanja wetu ni ule wa ghala la pamba la chama cha ushirika, kando ya barabara ya kwenda Maswa. Msimu ukiisha pale hapana watu, ila vipande vyeupe vilivyonasa kwenye miiba ya uzio na mzani mkubwa chini ya kibanda cha bati. Mtu mmoja mwenye gereji hutuazima bodi la basi bovu, tunaliegemeza kwenye lori, tunasambaza marobota ya magunia matupu, na hapo tunakuwa na ajali. Wiki nzima kabla yake tunatangaza makanisani, msikitini na mnadani kwamba siku fulani watu wataonekana wamelala barabarani wakiwa na damu na kwamba hawajafa. Matangazo hayo hayakwepeki. Kwetu mtu akipiga mwano, ule ukelele wa hatari, kila anayeusikia lazima aache jembe na akimbie kuelekea unakotoka. Tusipotangaza, tutapata wilaya nzima na mishale yake.

Wanaokuja kufanya mazoezi ni askari wa zimamoto, trafiki, wauguzi wenzangu, sungusungu, wale walinzi wa vijiji vya jirani, na madereva wa bodaboda. Watu huniuliza bodaboda wanaingiaje hapo. Jibu ni kwamba ajali ikitokea katikati ya Bariadi na Maswa, gari la zimamoto na gari la wagonjwa yatafika, lakini bodaboda ameshafika. Mara nyingi ameshambeba mtu na kuondoka. Ndiyo maana tunamtaka ajue la kufanya kabla hajambeba.

Nieleze kidogo tunachofundisha, maana kinamshangaza kila anayekisikia kwa mara ya kwanza. Ajali ikiwa ya mtu mmoja, unamtibu. Ikiwa ya basi zima, wa kwanza kufika hatibu, anapanga. Anapita haraka kwa kila mtu akiwa na kadi za rangi. Anayeweza kutembea anapewa ya kijani, akae kando asubiri. Mwenye jeraha linaloweza kusubiri kidogo, njano. Ambaye akicheleweshwa atakufa, nyekundu, naye ndiye anayebebwa kwanza. Kama anatoka damu nyingi unaizuia pale pale, unampa kadi, unasonga mbele. Asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa, nyeusi, na huyo unamwacha. Somo la kadi nyeusi ndilo gumu kuliko yote. Nimeona mwanamume mzima wa sungusungu akilia kwa kuambiwa amwache mtu ambaye alikuwa anaigiza tu.

Mkufunzi wetu mkuu alikuwa sajini wa zimamoto aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Mtu wa utaratibu, mpole wa sauti, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya kuanikia. Miezi ya mwanzo tulimtesa kwa salamu. Mwanafunzi wake akifika kwa majeruhi alikuwa anainama kwanza: "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Na majeruhi anaitikia. Siku moja hata aliyepewa kadi nyeusi aliitikia. Sajini alikataza kabisa, akasema ajalini hakuna salamu. Nilimwomba aiache. Nilimwambia anayeitikia salamu ana pumzi na ana fahamu, na hapo umeshapima vitu viwili bila kumshika. Alifikiri siku mbili, kisha akaiingiza kwenye somo lake kana kwamba ameleta yeye kutoka chuoni. Nilimpenda kwa hilo.

Katika wale bodaboda kulikuwa na mmoja ambaye sisi wote tulijua ndiye atakayekuwa kiongozi wa kikundi cha barabara ya Maswa. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, anayevaa koti zito hata jua likiwa la kuchoma mahindi. Kiongozi ndiye angepigiwa simu kwanza, ndiye angefika kwanza na kuanza kugawa kadi, na wengine wangefuata sauti yake. Alikitaka cheo hicho kuliko alivyosema, nami nilijua kwa nini. Mwaka mmoja nyuma alileta kwetu mtu aliyeanguka na baiskeli barabarani. Alimkalisha katikati yake na mwenzake, wakambana kama gunia, wakaja mbio. Aliokoa maisha yake. Lakini mgongo ulikuwa umevunjika, na miguu ya yule mtu haikurudi. Hakuna aliyemlaumu, hata ndugu hawakumlaumu, kwa sababu nani alikuwa amemfundisha? Siku ya tatu alirudi wodini na ndizi, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Sista, nilitakiwa kumshikaje?" Nikamwonyesha kwa mto na shuka. Akarudi tena na maswali mengine. Mafunzo yalipoanza, alikuwa wa kwanza kuandikishwa.

Basi asubuhi ya mazoezi makubwa nilikuwa nimempa mama mmoja wa kwaya jeraha bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mama huyu analima pamba na mahindi upande wa Lalago, anakuja kwa binti yake mjini mara kwa mara, na mtu akimwomba kitu cha kanisa hakatai. Nilimpa jeraha la paja. Damu nyingi, kadi nyekundu, mtu wa kuokolewa haraka. Nilimlaza nyuma ya robota, nikapandisha kitenge chake kidogo juu ya goti ili jeraha lionekane, nikamwagia rosela mpaka udongo mweusi wa mbuga ukalowa. Nilimwambia aseme maji, maji, kwa sauti inayofifia. Akajaribu, nikasikia nywele zikinisimama.

Filimbi ikapulizwa. Wakaja. Mimi nilikaa upande wa basi nikihesabu makosa madogo madogo, na kwa kweli yalikuwa machache. Yule bodaboda alikuwa anapita kati ya majeruhi kama mtu anayepanda mbegu, haraka lakini kwa mstari. Salamu, jicho, kadi, salamu, jicho, kadi. Nilimwona akizunguka nyuma ya robota, kisha sikumwona tena mpaka nilipomsikia anaita akitaka muuguzi wa kike. Sajini akamkamata mkono akambandika kwenye machela iliyokosa mtu wa nne, na kwa sababu amri ni amri, akabeba.

Tulipomaliza, majeruhi wote walikuwa wamekusanywa chini ya kibanda cha mzani kulingana na rangi zao, isipokuwa mmoja. Nikaenda nyuma ya robota. Yule mama alikuwa amelala pale pale nilipomwacha, amenyooshwa miguu, kitenge kimeshushwa mpaka vifundoni, na koti zito la bodaboda limemfunika kuanzia kifuani hadi juu ya kichwa. Juu ya koti ilikuwa kadi nyeusi.

Nikalifunua. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mayu, u mzima?"

"Nimewaita wakapita," alisema. "Wa mwisho alivua kofia."

Ilikuwa rahisi kuelewa kilichotokea baada ya koti. Kwetu mtu aliyefunikwa uso amekwisha, hakuna anayemfunua kuhakikisha. Sungusungu wawili walifika, wakaona mwili umefunikwa na mtu mwenye kujua, wakaweka kadi nyeusi, mmoja akavua kofia, wakasonga mbele kama walivyofundishwa. Sauti yake ya maji, maji, ilimezwa na koti. Kilichobaki ni koti lenyewe, nalo kila mtu alilijua ni la nani.

Kwenye tathmini sajini aliuliza kwa upole wake ule ule aliyemfunika ni nani. Bodaboda alisimama akasema ni yeye. Kwa nini. Sajini akamuuliza kama aliona jeraha. Aliliona. Kama alijua ni nyekundu. Alijua. Basi kwa nini alimfunika akaondoka. Yule mtu alitazama viatu vyake, na watu wa kwetu waliokuwa kwenye yale mabenchi wakaanza kutazama viatu vyao pia, kwa sababu walikuwa wameshaelewa. Wa mwisho kuelewa tulikuwa wawili tu, sajini kwa kuwa alitoka mbali, na mimi kwa kuwa sikujua yule binti wa mjini ameolewa na nani.

Muuguzi mwenzangu akaninong'oneza, nami nikamvuta sajini pembeni nikamweleza. Yule mama ni mama mkwe wa bodaboda. Katika familia nyingi za kwetu, na hasa zile za vijijini, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, hakai naye kwenye benchi moja. Akikutana naye njiani, anashuka pembeni ampishe, na anatazama mashambani. Si chuki, ni heshima iliyo kubwa kuliko heshima nyingine zote. Sasa mtu huyo huyo amezunguka robota akakuta paja la mama mkwe wake liko nje, na mimi ndiye niliyelitoa nje. Kwa akili yake ya kwanza alifanya jambo la adabu kabisa: alimsitiri mwili, akamsitiri na uso ili asione aibu ya kuonwa, akakimbia kutafuta mwanamke wa kumshika.

Sajini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hana ubaya naye, na hata kwao Tanga mkwe ni mkwe. Lakini anayefika kwanza hachagui, na akichagua, mtu anakufa chini ya koti. Alisema angemwacha kwenye kikundi abebe machela, na uongozi ampe mwingine. Hakupandisha sauti. Bodaboda alikuwa karibu, alisikia, akaanza kuvua kile kizibao cha njano chenye kung'aa wanachovaa viongozi, alichokuwa amevalishwa kwa siku hiyo. Vidole vyake vilikuwa vikihangaika na zipu.

Hapo ndipo mama alipoinuka kutoka upande wa wanawake, kikombe cha uji mkononi. Alikuja akasimama mbali kiasi cha adabu, mgongo wake umemwelekea mkwewe, akaniita.

Sasa hili nalo nilieleze. Wakwe wa namna hii wakitaka kuzungumza, wanazungumza kupitia mtu wa tatu. Wote wawili wanasikia kila neno, lakini neno lazima lipitie kwa mtu mwingine, na siku ile mtu mwingine nilikuwa mimi.

"Sista," akasema, "mwambie huyo kijana kwamba leo nimekufa kwa heshima."

Nikageuka nikamwambia. Mabenchi yakaanza kutikisika kwa kicheko kilichobanwa.

"Mwambie mama," alijibu yeye, akitazama mzani, "namwomba anisamehe."

Nikamwambia mama.

"Mwambie nimeshamsamehe, alimwoa binti yangu kwa ng'ombe wazuri na hajamrudisha. Lakini mwambie mimi napanda basi la Maswa kila mwezi. Siku likipinduka, yeye ndiye atakayefika. Muulize atanifunika tena?"

Kicheko kilikatika. Nilimgeukia, na sikuona haja ya kurudia swali, lakini niliona macho yake yakinisubiri, basi nikarudia. Zipu ilikuwa imefika katikati.

"Mwambie mama sijui," akasema.

Nadhani lile lilikuwa jibu la kweli kuliko yote yaliyotolewa siku ile. Mama alilipokea kwa kuinamisha kichwa. Kisha alimgeukia sajini moja kwa moja, kwa kuwa sajini hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, akamwomba asimpe mtu mwingine uongozi mpaka mazoezi yajayo, na katika mazoezi hayo yeye alazwe tena nyuma ya robota, jeraha lile lile, upande wa mkwewe. Sajini alianza kumweleza kwamba upangaji wa majeruhi una taratibu zake. Mama akamsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza, kisha akamwambia basi tumeelewana. Sajini akanitazama. Nikamwambia amkubalie mama.

Kati ya siku ile na mazoezi ya pili, bodaboda alikuja kwangu mara kadhaa baada ya zamu. Hakuja kujifunza kufunga paja, alikwishalijua hilo. Alikuja kuuliza kama ingekuwa vibaya mtu kufunga jeraha bila kuliangalia. Nilimwambia mikono inaweza kujifunza kuona. Tukafanya mazoezi kwenye mto ule ule wa wodini, yeye akitazama dirishani, mimi nikimwambia juu kidogo, chini kidogo, sasa kaza. Alikuwa anakaza kwa hasira, kitambaa kinalia. Nilimwambia alegeze, huyo ni mtu. Siku moja alitua kitambaa akasema mkewe amemwambia kwamba mama naye halali vizuri. Nilikuwa nimesahau kwamba anayeshikwa naye anavunja mwiko.

Asubuhi ilipofika, mama alikuja mapema. Nilipoinama kumpaka damu nikakuta chini ya kitenge amevaa suruali ya jinzi ya mwanawe wa kiume, imekunjwa miguuni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu hakukataza suruali. Nikaimwagia rosela suruali. Mikono yake ilikuwa baridi, nikaishika kidogo, akaniambia niende zangu, yeye ni majeruhi na ana kazi.

Filimbi. Wakaja tena. Naomba radhi kwa wale majeruhi wengine wa siku ile, sikuwaona. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kuona nyuma ya robota, na nikagundua sungusungu, trafiki na nusu ya kwaya wamesimama hapo hapo. Sajini alitufokea turudi kwenye nafasi zetu, kisha naye akabaki.

Bodaboda alizunguka robota akasimama. Mama alikuwa anasema maji, maji. Yule mtu alichuchumaa kama mwanamume anavyochuchumaa anapomsalimu mkubwa, mbali kidogo, akatazama pande zote. Alikuwa anatafuta mtu wa tatu. Niliona macho yake yakifika kwangu, na mguu wangu mmoja ukatangulia wenyewe. Sajini akaweka mkono mbele yangu. Hakunishika, aliuweka tu hewani.

Mama aliacha kusema maji. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Shika, baba," akasema. "Kaza."

Akashika. Uso wake ulikuwa umegeukia mashambani, kule kwenye mabua ya pamba yaliyokuwa hayajang'olewa, na shingo yake imekakamaa kama ya mtu anayepigwa picha. Lakini mikono ilikwenda moja kwa moja ilikotakiwa kwenda. Kitambaa juu ya jeraha, mzunguko wa kwanza, wa pili, fundo. Mama alitoa mguno ambao haukuwa wa kuigiza. Kadi nyekundu kifuani. Kisha yule mtu akainua mkono akaita machela, na sauti yake ilipasuka katikati ya neno, akalirudia.

Sajini alikwenda akapiga magoti. Alipima fundo kwa kidole, akautazama uso wa mama, ambao safari hii ulikuwa wazi na umejaa jua. Akamwambia yule mtu, ambaye bado alikuwa anatazama pamba, kwamba kwa kawaida mwokoaji humtazama majeruhi wake.

"Kiongozi," akasema, "unasubiri nini? Una wengine huko."

Kiongozi akainuka akakimbia.

Baadaye tulikunywa uji kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mama alitembea kuelekea barabarani akichechemea, na bodaboda aliyekuwa anasukuma pikipiki yake kwenye njia hiyo hiyo alipomwona akaishusha kwenye majani, akageuka kutazama ng'ombe wa watu. Mama alipofika usawa wangu akasimama.

"Sista, mwambie huyo kiongozi mguu wangu umekufa ganzi mpaka sasa."

Nikamwambia, ingawa alikuwa hapo hapo.

"Mwambie mama, pole sana. Nitalegeza kidogo."

Nikamwambia mama. Akasema asilegeze sana, akaenda zake.